Dola si serikali, ingawa zinalala nyumba moja

SWALI: Maalim, nasomesha uraia Kidato cha Kwanza hapa Wete. Nikifika kwenye neno "dola" wanafunzi hucheka. Kwao dola ni pesa ya Marekani. Nikawaambia dola ni serikali. Mmoja akaniuliza: basi mbona tunasema "vyombo vya dola", hatusemi "vyombo vya serikali"? Nikakwama.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, huyo mtoto mpe daftari la zawadi. Kakushika pazuri, na hata magazeti hukwama hapo hapo.

"Serikali" tumeitoa kwa Waajemi, sarkar, kichwa na kazi: wale wanaosimamia shughuli. "Dola" ni ya Kiarabu, dawla, na mzizi wake una maana ya zamu, kitu cha kupokezana. Lugha nayo ina vituko: siku hizi kinachopokezanwa ni serikali, na dola ndiyo inayobaki pale pale.

Usianze na maana ya kitabuni. Nenda darasani na barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, na pasipoti, uziweke juu ya meza. Barua ina mhuri, na juu imeandikwa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Jalada la pasipoti linasema Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Waulize: ukifika uwanja wa ndege wa nchi ya watu, utaonesha ipi? Watajibu wenyewe. Ile ya kwanza ni karatasi ya serikali. Ya pili ni dola inajitambulisha kwa dola nyengine. Hapo ndipo uwatajie Mkataba wa Montevideo wa 1933, unaotaka dola iwe na watu wa kudumu, eneo maalumu, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Serikali, basi, ni kiungo kimoja tu kati ya vinne.

Mwaka 2010 hapa Zanzibar tuliunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa, vyama hasimu vikatawala pamoja. Serikali ikageuka sura. Dola ikabaki ile ile, na askari wakabaki na magwanda yao. Ndiyo maana wao huitwa vyombo vya dola.

Na "chama kushika dola"? Hapo dola ina maana ya mamlaka tu. Mimi silipendi, lakini limeshazoeleka jukwaani; liache huko, usiliandike ubaoni.

Wakikuuliza Zanzibar ni nini, na watakuuliza, wape neno la Katiba ya Zanzibar ya 1984 kama ilivyorekebishwa 2010: "nchi". Halikusema dola. Mwaka 2008 watu walishindana sana barazani juu ya neno hilo moja.

Kuhusu kicheko, wape wingi. Pesa haina ma-: dola moja, dola kumi. Zile nyengine ni madola, kama katika Jumuiya ya Madola. Sentensi kama "Dola ya Marekani imepanda" haitawatatiza tena, ila "Dola ya Marekani ina nguvu" bado ina utata, nami sina dawa yake.