Maswali ya Wasomaji: John Brown alikwama wapi?

SWALI: Nimesoma kuwa John Brown, yule Mmarekani aliyepinga utumwa kwa silaha, alivamia ghala la silaha la serikali katika mji wa Harpers Ferry, Virginia, akiwa na bunduki tele na mikuki. Mbona alikamatwa upesi? Na mikuki ya nini wakati bunduki zipo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Silaha hazikumpungukia. Katika shamba alilokodi upande wa Maryland alirundika bunduki 198 za Sharps na mikuki 950 hivi. Watu wake walikuwa 21 tu, na 3 kati yao aliwaacha shambani kulinda mali.

Mikuki ilikusudiwa watumwa ambao angewakomboa. Asiyewahi kushika bunduki humfundishi kulenga kwa usiku mmoja, lakini mpini wa futi 6 wenye kisu cha makali kuwili hauhitaji mwalimu. Tatizo ni kwamba watumwa wenyewe hawakuarifiwa. Kwa kuogopa siri kuvuja, alitegemea kuwa wangesikia na kumjia. Waliokuja ni wachache mno.

Kuingia kulikuwa rahisi. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 alikata nyaya za telegrafu (simu ya maandishi), akateka walinzi na ghala. Kisha akafanya jambo lisiloeleweka hadi leo: aliisimamisha treni usiku, na kulipokucha akairuhusu iendelee. Kondakta alipofika kituo cha Monocacy alituma habari.

Hapo bado angeweza kukimbilia milimani, lakini alikawia. Mji umebanwa kati ya mito Potomac na Shenandoah, na njia za kutokea ni madaraja. Kufikia adhuhuri wanamgambo walikuwa wameyashika. Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, alikuwa amemwonya mapema, mwezi Agosti, kuwa huo ni mtego. Brown akajifungia na mateka katika jengo la pampu za zimamoto. Asubuhi ya tarehe 18 askari wa majini chini ya Kanali Robert E. Lee walipiga mlango kwa nyundo ukagoma, wakaubomoa kwa ngazi, wakamkamata. Alinyongwa tarehe 2 Desemba.

SWALI: Tumwite shujaa? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Ukimwita hivyo, usiiruke Pottawatomie, Kansas, Mei 1856: kundi lake liliwatoa wanaume 5 majumbani usiku na kuwakatakata kwa panga. Wala usiwasahau Wamarekani weusi 5 waliokwenda naye Harpers Ferry. Newby na Leary waliuawa vitani, Copeland na Green wakanyongwa. Osborne Anderson peke yake ndiye aliyetoroka, na mwaka 1861 akachapisha kijitabu kueleza aliyoyaona.