Maswali ya Wasomaji: Tom Brady na Nafasi Yake Miongoni mwa Magwiji

Barua zilizofika mezani mwezi huu zina jina moja lililorudiwa kuliko mengine yote: Tom Brady, kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani aliyetundika daluga tarehe 1 Februari 2023 baada ya misimu 23 katika ligi ya NFL. Wengi walioandika ni watu wa raga, wale wanaojaza uwanja wa Kyadondo jijini Kampala siku za mechi. Futiboli hii wameijua kupitia vipande vya video vinavyosambaa kwenye simu, kwa kuwa fainali yenyewe, Super Bowl, huanza saa nane na nusu ya usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa za Uganda. Nimechagua barua tano.

Ndugu Mhariri, ninafundisha michezo katika shule ya sekondari na raga ninaijua vizuri. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini mtu mmoja asifiwe peke yake ilhali kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Naomba utueleze kazi ya kwotabeki. — Mwalimu, Mbale

Mwalimu, tuanzie kwenye raga yako mwenyewe. Mchezaji namba 10 wa raga ndiye anayeamua mpira uende wapi, lakini sheria inamkataza kuurusha mbele. Katika futiboli ya Kimarekani inaruhusiwa kuurusha mpira mbele mara moja katika kila jaribio, na karibu kila mara anayeurusha ni kwotabeki. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu huanza kuhesabiwa upya, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Jaribio huanza pale mchezaji wa kati anapoupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma. Kuanzia hapo kwotabeki ana sekunde mbili au tatu tu za kuona ni mwenzake yupi aliyeachwa huru, huku wenzake watano wa mbele wakiwazuia wapinzani wenye miili mikubwa wasimfikie na kumwangusha. Tena hamrushii mwenzake mahali alipo, bali mahali atakapokuwa.

Kazi iliyo ngumu zaidi hufanyika kabla mpira haujaguswa. Kwotabeki huwatazama walinzi walivyojipanga, hukisia nani atamjia na nani atarudi nyuma, na akiona kwamba mpango uliotumwa na kocha hautafaa, huubadilisha pale pale kwa sauti na ishara. Brady aliwazidi karibu wote kwa jicho hilo, na ndilo lililowapita waliompima akiwa kijana. Mwaka 2000, wakati klabu zilipokuwa zikijiandaa kuteua wachezaji wapya, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa pole sana kwa ngazi hiyo. New England Patriots walimchukua akiwa mchezaji wa 199, baada ya makwotabeki sita kuchaguliwa mbele yake. Kuhusu miguu yake hawakukosea. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba miguu ndiyo ingeamua.

Ndugu Mhariri, mjomba wangu aliyeishi Marekani anasema hakuna aliyemfikia Joe Montana. Rafiki yangu anamtaja Peyton Manning. Mimi ninasema mataji saba yanamaliza ubishi. Tuamue. — Msomaji, Kampala

Ndugu yangu, jibu lako ninakubaliana nalo, ila hoja yako siikubali.

Ni kweli kwamba Brady alishinda Super Bowl mara saba, sita akiwa na Patriots na moja akiwa na Tampa Bay Buccaneers, na hakuna klabu yoyote yenye mataji mengi kiasi hicho, kwa kuwa zilizotangulia, Patriots wenyewe na Pittsburgh Steelers, zina sita sita. Lakini taji ni la kikosi kizima. Tazama lile la kwanza, la Februari 2002, dhidi ya St. Louis Rams. Brady alipata yadi 145 tu katika mechi nzima, na walioibana safu kali ya Rams mpaka robo ya mwisho ni walinzi. Mchango wake ulikuwa mwishoni, matokeo yakiwa 17–17 na kukiwa kumebaki dakika moja na sekunde 21. Patriots walikuwa mbali, kwenye yadi 17 ya upande wao, bila hata nafasi moja ya kuomba mapumziko ili saa isimame. Kijana huyo wa miaka 24 alitoa pasi fupi fupi, akampata Troy Brown kwa yadi 23, kisha akaupiga mpira chini kuisimamisha saa zikiwa zimebaki sekunde saba, na Adam Vinatieri akapiga mkwaju wa yadi 48 uliomaliza mechi. Bila walinzi wale na bila mguu wa Vinatieri, taji hilo lisingekuwepo. Tukihesabu mataji peke yake, itatubidi pia tumweke Otto Graham wa Cleveland Browns sawa na Brady, kwa maana kati ya mwaka 1946 na 1955 alifika fainali 10 katika misimu 10 na kushinda saba, na Dan Marino, aliyerusha yadi 5,084 mwaka 1984 lakini hakushinda Super Bowl hata moja, tutamfuta kabisa.

Mjomba wako naye ana haki ya kusikilizwa. Montana alicheza Super Bowl nne akiwa na San Francisco 49ers, akazishinda zote nne, na katika pasi zote alizorusha humo hakuna hata moja iliyonaswa na wapinzani. Brady alipoteza tatu kati ya fainali zake 10. Na rafiki yako ana hoja: Manning alitajwa mchezaji bora wa ligi mara tano na Brady mara tatu. Walipokutana ana kwa ana mara 17, Brady alishinda 11, lakini katika mechi tano za mtoano Manning alishinda tatu.

Tusisahau pia kwamba sheria hazikubaki zilivyokuwa. Mwaka 1978 walinzi walikatazwa kumgusa mpokeaji akishavuka yadi tano, na tangu hapo mchezo wa pasi ukafunguka. Johnny Unitas, aliyewika katika miaka ya 1950 na 1960, aliamua mwenyewe kila shambulio, ilhali tangu 1994 kwotabeki husikia sauti ya kocha ndani ya kofia yake. Brady mwenyewe alipoumizwa goti katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2008, akakosa msimu mzima, sheria iliongezwa mwaka uliofuata kuwazuia walinzi walioanguka wasijitupe kwenye miguu ya kwotabeki. Kwa hiyo yadi zake 89,214 na pasi zake 649 za tachidauni, yaani zilizoishia kwenye eneo la mwisho la uwanja na kuleta pointi, ni rekodi kubwa, lakini haifai kumpimia Unitas kwa rekodi hizo.

Basi kwa nini ninamweka wa kwanza? Kwa sababu ya umri, na kwa sababu hakubaki mchezaji yule yule. Mataji matatu ya mwanzo aliyapata kabla ya kutimiza miaka 28. Ikafuata miaka 10 bila taji, kipindi ambacho makwotabeki wengi huisha kabisa. Kisha akashinda akiwa na miaka 37, 39, 41 na 43, na hayo manne peke yake yanalingana na kazi nzima ya Montana. Mwanzoni alikuwa mtu wa pasi fupi katika timu iliyotegemea ulinzi. Mwaka 2007, alipopewa mpokeaji Randy Moss mwenye mbio, alirusha mbali na kufikisha pasi 50 za tachidauni. Baadaye aliujenga mchezo wake juu ya Rob Gronkowski, pandikizi la mtu lililocheza katikati ya uwanja. Mwaka 2020 alihamia Tampa, kwa kocha mwingine na mpango mwingine, katika mwaka wa korona ambao timu hazikupata maandalizi ya kawaida, na msimu ulipoisha alikuwa amemfunga Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs 31–9.

Ukitaka kuona ninachosema, itafute fainali ya tarehe 5 Februari 2017. Atlanta Falcons waliongoza 28–3 katika robo ya tatu, na sehemu ya deni hilo ilikuwa ya Brady mwenyewe, kwani pasi yake moja ilinaswa na Robert Alford na kurudishwa yadi 82 hadi mwisho wa uwanja. Watu hukumbuka miujiza ya mwishoni, na ninakuomba utazame kitu kingine: jinsi alivyoendelea kumpa James White pasi ndogo ndogo, 14 kwa jumla, bila papara. Patriots walicheza mashambulio 93 na Atlanta 46, maana yake walinzi wa Atlanta walikimbizwa mara mbili ya wenzao, na kufikia robo ya nne hawakuwa na pumzi ya kumfikia. Ilikuwa Super Bowl ya kwanza kuingia muda wa nyongeza, ikaisha 34–28, naye akawa amerusha yadi 466. Sijaona kwotabeki mwingine aliyeshinda fainali kwa subira ya namna hiyo.

Mahomes bado anacheza na ana mataji matatu. Akifika miaka 40 akiwa bado anashinda, mjadala huu tutaufungua upya.

Ndugu Mhariri, kwa nini hamsemi kwamba alidanganya? — Msomaji, Arua

Tunasema. Baada ya mechi ya Januari 2015 ambayo Patriots waliifunga Indianapolis Colts 45–7, ilibainika kuwa mipira waliyoitumia Patriots ilikuwa na upepo pungufu kuliko sheria inavyotaka. Brady alikana kuhusika. Ligi ilimfungia mechi nne, akaenda mahakamani, na hatimaye akaitumikia adhabu hiyo mwanzoni mwa msimu wa 2016. Msimu huo huo ndio uliomalizikia kwenye fainali niliyoieleza hapo juu. Kabla ya hapo, mwaka 2007, klabu na kocha Bill Belichick walitozwa faini kwa kurekodi ishara za wapinzani. Ni doa, na litaandikwa katika historia yake pamoja na rekodi zake. Kwa maoni yangu halibadilishi nafasi yake, kwa sababu alishinda zaidi baada ya hapo, kila mtu akimchunguza, lakini siwezi kumlaumu anayelipa uzito kuliko mimi.

Ndugu Mhariri, mtu anastaafuje mara mbili? Je, hakujiharibia heshima? — Msomaji, Jinja

Alitangaza kustaafu tarehe 1 Februari 2022, na siku 40 baadaye, tarehe 13 Machi, akasema anarudi. Msimu ule wa mwisho haukuwa mzuri kwa timu: Tampa walishinda mechi nane na kupoteza tisa, kisha Dallas Cowboys wakawatoa 31–14. Ni kweli kwamba Manning aliondoka kwa namna inayopendeza zaidi, kwani alistaafu Machi 2016, mwezi mmoja baada ya Denver Broncos kutwaa taji. Lakini tuangalie kilichokuwa ndani ya taji hilo. Katika msimu wake wa mwisho Manning alirusha pasi tisa za tachidauni na kunaswa 17. Mkono ulikuwa umechoka, na waliombeba ni walinzi wakiongozwa na Von Miller. Brady, akiwa na miaka 45, alikamilisha pasi 490 katika msimu wake wa mwisho, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia kabla yake. Aliondoka akiwa ameshindwa, lakini kazi yake alikuwa bado anaiweza, na mimi sioni heshima iliyopotea hapo. Tangazo la pili lilikuwa fupi, alilolirekodi mwenyewe ufukweni, na safari hii hakurudi. Kwa kanuni ya miaka mitano, ataweza kupigiwa kura ya kuingia katika jumba la magwiji huko Canton, Ohio, pamoja na kundi la mwaka 2028.

Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba mjukuu wa Benedicto Kiwanuka ndiye aliyemwangusha Brady katika fainali mbili. Ni kweli? — Mzee wa Masaka

Mzee wangu, sehemu kubwa ni kweli, na ninafurahi umeuliza. Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Indianapolis, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyekuwa Jaji Mkuu alipouawa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin. New York Giants walimteua mwaka 2006 kama mlinzi, na kazi yake ilikuwa hasa kuwafukuza makwotabeki.

Giants ndio waliomfunga Brady katika fainali mbili kati ya zile tatu alizopoteza. Ile ya Februari 2008 ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa kuwa Patriots walifika wakiwa wameshinda mechi 18 mfululizo, lakini walinzi wa Giants walimwangusha mara tano na mechi ikaisha 17–14. Hiyo, Mzee, Kiwanuka hakuicheza. Alikuwa amevunjika mguu Novemba 2007, na alikuwa mmoja wa mabingwa bila kuingia uwanjani. Ya pili, ya tarehe 5 Februari 2012, alicheza. Giants walishinda 21–17, na fainali hiyo ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa.