Mteja wa nje anataka kulipa zaidi ya bei halafu umtumie wakala wake: jibu kwa dada wa batiki

Dada, nimesoma swali lako mara mbili nisije nikakujibu kwa pupa. Unauza batiki Moshi. Umepata mteja anayesema yuko Kanada, oda yake ni ya dola 900, lakini anataka kulipa dola 1,400 kwa kadi kupitia linki yako. Zile dola 500 za juu anaomba umtumie wakala wake wa mizigo kwa Western Union, kwa maelezo kwamba wakala huyo hapokei kadi. Unauliza ubaya uko wapi, kwa sababu pesa itakuwa imeshaingia kabla wewe hujatoa hata senti.

Ubaya upo. Usipokee malipo hayo, na kama linki umeshampa, izime leo hii.

Naandika kwa urefu kwa sababu na mimi niliamini hivyohivyo, kwamba pesa ikishaonekana kwenye akaunti ni yangu. Imani hiyo ilinigharimu zaidi ya shilingi milioni 2.7.

Nauza vikapu vya Iringa, vile vinavyosukwa kwa milulu. Nanunua kwa kina mama huko vijijini, nawalipa taslimu siku ninayochukua, na hilo sitalibadilisha. Mwaka 2019 aliniandikia mtu mwenye anwani ya Marekani akitaka vikapu 48. Hakuomba punguzo. Hakuuliza rangi, hakuuliza kipimo cha mdomo wala kama vishikio ni vya ngozi. Swali lake lilikuwa moja tu, mzigo utafika lini. Kwa wakati ule nilimwona mteja mzuri asiyesumbua. Leo mteja asiyeuliza chochote kuhusu mali ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, kwa sababu mtu anayetoa hela yake mwenyewe huuliza mpaka unachoka.

Alilipa dola 1,180 pamoja na usafiri. Kadi ya kwanza iligoma, ya pili ikagoma, ya tatu ikapita. Nilikuwa nayaona yote hayo kwenye ukurasa wa miamala, nikajiambia ni mtandao. Jina kwenye kadi halikufanana na jina la mpokeaji, akasema ni la mkewe. Nikafunga mzigo, nikautuma kwa kampuni ya vifurushi, ukafika, ukasainiwa. Nikafurahi.

Siku ya 83 nikapata barua pepe. Mwenye kadi ya kweli alikuwa ameona makato asiyoyajua, amelalamika benki kwake, na benki yake imevuta pesa irudi. Wenyewe wanaita chajibaki. Kampuni iliyokuwa ikinikusanyia malipo ilikuwa imeshanilipa zamani, kwa hiyo ikaanza kukata kwenye mauzo yangu yaliyofuata, pamoja na faini ya kesi. Nilituma risiti, mazungumzo yote, na saini ya aliyepokea. Nikashindwa.

Nilishindwa kwa sababu ambayo wauzaji wengi hawaijui. Malalamiko ya mnunuzi hayafanani, na kila moja lina ushahidi wake. Akisema mzigo haukufika, ushahidi wa kupokelewa unakusaidia. Akisema mali siyo aliyoahidiwa, picha ulizopiga kabla ya kufunga na maelezo uliyoandika dukani vinakusaidia. Lakini malalamiko yakiwa ni "si mimi niliyelipa", saini ya mpokeaji haina kazi, maana mwenye kadi hajabisha kwamba kuna mtu amepokea. Anasema mtu huyo si yeye. Na ni kweli. Yule baba au mama wa huko naye ameibiwa, hata kumkasirikia sikuweza.

Baadaye niliitafuta ile anwani kwenye ramani ya satelaiti. Ni ghala la kupokelea na kusafirisha mizigo. Vikapu vyangu viliingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma kwenda nisikokujua. Kuitafuta anwani hiyo kabla ya kutuma kungenichukua dakika mbili.

Sasa turudi kwako. Mtu wako anataka zaidi ya nilichopoteza mimi. Kadi ikiwa ya wizi, baada ya wiki kadhaa dola 1,400 zote zitavutwa kutoka kwako. Zile 500 ulizompelekea "wakala" kwa Western Union zitakuwa zimechukuliwa taslimu dirishani na hazirudi. Mara nyingi hata batiki zenyewe hazitaki, oda ni kisingizio cha kuifanya kadi ya mtu mwingine itoe taslimu kupitia mikono yako. Na ukiulizwa na benki, jina lililotuma pesa ni la kwako.

Muda wa kuvuta ndio ulionishtua kuliko vyote. Kwa kadi za Visa na Mastercard, malalamiko mengi yana dirisha la siku 120. Kama ni mzigo ambao haukufika, siku hizo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe uliyoahidi mzigo ufike, siyo siku ya kulipa. Kwa hiyo ukichukua oda leo na kuahidi kupeleka baada ya miezi mitatu, umejiongezea miezi mitatu ya hatari. PayPal wanampa mnunuzi siku 180 tangu alipolipa kufungua kesi. Mimi sasa hela ya kadi kwenye daftari langu naiandika kama mkopo. Naitumia kununua milulu na kulipa usafiri, lakini sijengi nayo wala silipi nayo ada ya shule mpaka miezi minne ipite.

Kuhusu PayPal, kwa sisi wa Tanzania akaunti kwa muda mrefu imekuwa ya kutuma, si ya kupokea. Wengi wetu tunazunguka kwa kutumia akaunti ya ndugu aliyeko Kenya, ambako wanaweza kupokea na kutoa kwenda M-Pesa. Sikushauri. Kesi ikifunguliwa, anayeulizwa ni mwenye akaunti. Yeye hana mzigo, hana risiti ya kutuma, hajui hata batiki ina rangi gani. Akaunti ikiwekewa vizuizi, salio linaweza kushikiliwa mpaka siku 180, pamoja na hela zake mwenyewe zilizokuwemo. Undugu umeharibika kwa mambo madogo kuliko hilo. Walioko Kenya wanaosoma hapa nao wajue kwamba ulinzi wa muuzaji wa PayPal una masharti. Mzigo upelekwe kwenye anwani ileile iliyo kwenye muamala, na kwa mauzo ya kuanzia dola 750 kuwe na saini ya mpokeaji. Mteja akilipa halafu akakuandikia WhatsApp "nimehama, tuma huku", ukakubali, ulinzi umeondoka. Mrudishie pesa, alipe upya akiwa na anwani mpya. Na akilipa kwa njia ile ya "ndugu na marafiki" ili mkwepe makato, hapo hakuna ulinzi kabisa.

Kwa linki za kadi za hapa kwetu, piga simu kwa wanaokukusanyia malipo uwaulize swali moja: je, mteja anapolipa anatakiwa kuthibitisha na benki yake, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake au kwa programu ya benki? Mfumo huo unaitwa 3-D Secure. Ukiwa umewashwa na mteja akapita, kwa kawaida hasara ya kadi ya wizi inahamia kwa benki iliyotoa kadi, haibaki kwako. Ulaya walifanya uthibitisho wa aina hii kuwa sharti la kisheria, likaanza rasmi tarehe 14 Septemba 2019. Kadi za Marekani hazina sharti kama hilo, ndiyo maana unaona nyingi zinapita bila kuulizwa chochote. Linki yangu ya 2019 ilikuwa haijawashwa, na mimi sikujua kama ni kitu cha kuulizia. Ila kumbuka, 3-D Secure haikukingi na "mzigo haukufika". Hapo bado unahitaji namba ya kufuatilia mzigo na saini.

Oda ikizidi dola 500, mimi siku hizi naomba TT ya benki, yaani mteja ahamishe pesa kutoka benki yake moja kwa moja hadi benki yangu. Hii nayo ina mitego yake. Usitume mzigo kwa kuona picha ya karatasi ya SWIFT, ile ya kuonyesha kwamba benki yake imetuma pesa. Picha inahaririwa kwa simu. Subiri salio lisome kwenye akaunti yako, kisha mpigie ofisa wako wa benki akuthibitishie kwamba imeingia na haina zuio. Mteja wa kweli ukimwomba namba ya UETR, ile yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari, anaipata kwa benki yake, na benki yako inaweza kuufuatilia muamala kwa namba hiyo. Mwambie achague makato ya OUR, yaani gharama zote za kutuma alipe yeye, la sivyo benki za katikati zitamega na utapokea pungufu. Akikuomba IBAN, ile namba ndefu ya akaunti wanayotumia Ulaya, usibabaike, Tanzania hatutumii. Mpe namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki yako.

Mtego wa TT ni kurudisha. Mtu anakutumia dola 3,000 badala ya 2,000, halafu anasema amekosea, rudisha 1,000 kwenye akaunti ya "kampuni dada" nchi nyingine. Usirudishe kokote isipokuwa kwenye akaunti ileile iliyotuma, na mwachie benki ndiyo irudishe. Huenda pesa hiyo imeibwa kwa mtu na wewe unageuzwa daraja la kuisafisha.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisipokee kwa Western Union tu. Ukishachukua taslimu ni yako, ni kweli, lakini sasa hatari yote umembebesha mteja, na mteja mwaminifu asiyekujua atakataa. Ana haki ya kukataa. Nimefanya hivyo na wateja watatu tu, wa miaka mingi, kwa kuomba kwao wenyewe.

Tusiishie kwa matapeli, maana hela nyingine nimepoteza kwa watu waaminifu kabisa. Mama mmoja wa Ujerumani aliagiza vikapu sita mwishoni mwa 2021. Tangu tarehe 1 Julai mwaka ule, Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya yuro 22, kwa hiyo kila kitu kinatozwa, na Ujerumani ni asilimia 19. Mimi sikumwambia. Alipodaiwa mlangoni aliona kama namtoza mara mbili, akakataa mzigo, ukarudi, akadai pesa yake. Alikuwa sahihi kuudhika. Usafiri wa kwenda na kurudi ulikuwa juu yangu, na vikapu unavijua, ni vyepesi lakini vinajaza boksi. Kampuni za vifurushi hupima ukubwa, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, na ikizidi uzito wa mizani hiyo ndiyo kilo utakayolipia. Batiki wewe zinakunjika, mshukuru Mungu.

Marekani nayo, tangu tarehe 29 Agosti 2025, msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 umeondolewa kwa nchi zote. Kama una wateja huko waliozoea kupokea bila kulipa, waandikie kabla hawajalipa, siyo baada. Kwenye profoma yangu, yaani ankara ya awali ninayompa mteja kabla hajalipa, sasa kuna mstari kwamba ushuru na kodi za nchi ya mpokeaji ni juu ya mpokeaji, na nataka ajibu "nimekubali" kwa barua pepe. Jibu hilo limenisaidia kwenye kesi mbili.

Na kama unafikiria kuongeza vinyago vya mpingo dukani, fahamu kwamba mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia tangu tarehe 2 Januari 2017. Mzigo mkubwa bila kibali ukikamatwa na forodha ya huko, mteja atarudishiwa pesa yake kwa sababu haukufika, na wewe mali hutaiona tena.

Kwa leo, fanya hivi. Mwandikie huyo mtu wa Kanada kwa upole kwamba oda ni dola 900, usafiri utaupanga mwenyewe na utaujumlisha kwenye ankara moja, na unapokea TT peke yake kwa oda ya kwanza. Mwombe pia achague rangi kwenye picha zako, kitambaa kwa kitambaa. Kama ni mnunuzi kweli, atakuuliza usafiri ni kiasi gani na ataanza kuchagua. Kama siye, atakung'ang'aniza kuhusu wakala, au ataanza kuharakisha, au atanyamaza. Batiki usizikate wala kuzifunga mpaka benki iseme imeingia. Akijibu, lete maneno yake hapa (futa jina na namba) tuyasome pamoja kabla hujaamua.