Bolti inacheza kwenye tundu la mguu wa ndege

Ndugu, nimekuelewa: umetoboa mguu wa ndege unayojiundia kwa biti ya robo inchi, na sasa bolti ya robo inchi inacheza. Biti ya kawaida ndivyo ilivyo, hutoa tundu pana kidogo, tena si duara kamili.

Kwa matundu yaliyobaki, pima kwanza shina la bolti kwa maikromita. Bolti ya ndege ya robo inchi huwa chini kidogo ya inchi 0.250. Bana vipande vyote pamoja, toboa kwa biti ya inchi 15/64, kisha malizia kwa rima, yaani kifaa cha kukwangua tundu hadi kipimo kamili, inayolingana na shina. Zungusha polepole, tia mafuta ya kukatia, na usiirudishe rima kinyume hata unapoitoa. Niliwahi kuirudisha, ikaniachia mchubuko mrefu ndani ya tundu. Bolti ikiingia kwa kusukumwa na kidole gumba, hapo umepata.

Matundu yaliyolegea usiyajaze gundi wala kuyachomelea. Mara nyingi hupanuliwa kwa rima hadi bolti ya inchi 5/16, ila kutoka katikati ya tundu hadi ukingo pasipungue vipenyo 2 vya bolti mpya. Kabla ya kukata chochote, muulize aliyesanifu ndege hiyo, na mkaguzi aione kazi kwa macho yake.