Shukrani ya "kwa yote" haikuonyeshi kitu

Dada, umesema kila usiku unamshukuru Mungu "kwa yote", ila mchana humwoni popote. Shida iko kwenye hilo "yote". Jaribu njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola ya kuipitia siku kwa sala, ambayo Wajesuiti, watawa wa shirika alilolianzisha, wanaitumia tangu karne ya 16. Dakika 15 zinatosha.

Anza na shukrani, tena taja kitu chenyewe: maji yaliyotoka bombani alfajiri, jirani aliyekuanulia nguo mvua ilipoanza, homa ya mtoto iliyoshuka. Vitatu ulivyoviona kweli vinashinda ishirini vya kukariri. Kisha omba mwanga, upitie siku saa kwa saa tangu ulipoamka. Omba msamaha, chagua jambo moja la kurekebisha kesho, malizia na Baba Yetu. Wengi hurukia dhambi kwanza, wakaishia kujilaumu tu.

Usifanye ukiwa umeshajilaza. Usingizi utakuchukua kabla hujafika saa nne asubuhi katika kuipitia siku yako. Keti, simu iache sebuleni. Siku ikiwa chungu, usilazimishe furaha: hata Zaburi ya 88 inaishia gizani. Ukikosa usiku mmoja, endelea kesho yake bila kulipa deni.