Anti, nikilala mchana najiona natoka mwilini

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni kijana wa miaka 24 naishi Tandika, nalinda ghala moja huku Kurasini, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Sasa tangu nimeanza hii shifti ya usiku nikirudi nikalala kuna kitu kinanitokea, mwili unaganda, masikio yanavuma kama kuna jenereta dirishani, halafu nachomoka kabisa, naelea karibu na feni najiona pale chini nimelala chali mdomo wazi. Mara ya kwanza nilijua nimekufa. Mama anasema ni wanga, amenipeleka kwa shehe nikasomewa, ikaacha wiki mbili ikarudi. Rafiki yangu yeye anasema hicho ni kipaji, kila siku ananitumia video niendelee nifike mbali. Mimi sitaki inivamie tu, nataka ije nikitaka na nisipotaka isije. Inawezekana? Na siku nikishindwa kurudi itakuwaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana naona ndilo linakunyima raha, utarudi. Wakati wewe unajiona uko kwenye feni, moyo unapiga, pumzi inaingia na kutoka, na hali yenyewe inaisha hata usipofanya chochote, mara nyingi sekunde kadhaa au dakika chache tu, ingawa ukiwa ndani yake unaona kama saa nzima.

Nakuambia hivyo kwa sababu na mimi imenikuta. Nilikuwa nimepanga chumba Keko, namuuguza baba, silali usiku, nikipata nafasi najitupa kitandani saa 8 mchana na lile joto. Siku moja nikanyanyuka hivyo hivyo mpaka karibu na dari, nikaona juu ya kabati kuna ndoo ya bluu, naiona kabisa na mshikio wake. Nilipoamka jasho linanitoka nikavuta stuli nikapanda kuangalia. Ndoo hakuna. Kulikuwa na sanduku la nguo la baba na vumbi lake. Nilikaa juu ya ile stuli muda mrefu nikilitazama, na hofu ikaanza kunitoka pale pale, kwa sababu nilielewa kwamba chumba nilichokiona nimekichora mwenyewe kichwani, sikuwa nimeenda mahali.

Maelezo yake ni haya. Ukiwa kwenye ule usingizi wa ndoto, ambao macho yanachezacheza chini ya kope (wataalamu wa Chicago waliuandika mwaka 1953), ubongo unalegeza misuli karibu yote ya mwili ili usije ukaamka ukakimbia unachokiota. Macho yanabaki na msuli mkubwa wa pumzi unabaki. Sasa ikitokea akili imeamka kabla mwili haujafunguliwa, ndio unaganda, unataka kuvuta pumzi ya nguvu kifua hakitii unaona kama umekaliwa, na ndoto nayo bado inaendelea macho yako yakiwa wazi. Wazee wetu wanaita kukabwa na jinamizi na wanalijua miaka na miaka. Hata ile taharuki ya popobawa (yule shetani anayesemwa kuvamia watu usiku wakiwa wamelala) ya 1995 kule Pemba na Unguja, watu wanalala nje kwa makundi, wako watafiti walioihusisha na hali hii hii.

Na kule kujiona uko juu? Nyuma na juu kidogo ya sikio la kulia kuna sehemu ya ubongo inayounganisha habari za macho, za ngozi na za lile sikio la ndani linaloshika usawa wa mwili, ikishaziunganisha ndio wewe unajua "mimi niko hapa". Mwaka 2002 madaktari wa Geneva walikuwa wanampima mwanamke mwenye kifafa, wakagusisha umeme mdogo sana sehemu hiyo, yule mama akasema anajiona kutokea juu amelala kitandani, ila anaona miguu na kiwiliwili cha chini tu. Wakiacha umeme inakoma, wakirudisha inarudi. Nilipoisoma habari hiyo nilifarijika mno, kwamba mtu mwingine kabisa, Uswisi huko, kaona nilichoona mimi Keko.

Sasa tuje kwako. Barua yako imejijibu yenyewe mahali pawili, umesema shifti ya usiku na umesema chali. Usingizi uliovurugwa ndio mlango mkubwa wa mambo haya, na kulala chali kunaongeza. Kwa hiyo ukitaka ipungue anza hapo, lala ubavu, weka mto nyuma ya mgongo usigeuke. Ukitoka kazini usizunguke Tandika sokoni mpaka saa 5 asubuhi halafu ulale masaa mawili tu, nenda moja kwa moja, ziba dirisha kwa kitenge kizito, lala saa ile ile hata siku ya ofu, na zile kahawa za alfajiri achana nazo. Hiyo ndio sehemu isiyo na mvuto kwenye video za rafiki yako lakini ndio yenye kazi, mimi yangu iliisha nilipopata ndugu wa kupokezana naye kumlinda baba.

Ikikukamata, usishindane nayo. Ukifurukuta unajitisha na hofu ndio inayozidisha vivuli na sauti za watu chumbani. Tulia, fuata pumzi yako bila kuilazimisha, kisha peleka akili yote kwenye kidole gumba cha mguu ukijaribu kukikunja, au zungusha macho huku na huku maana macho hayajafungwa. Mara nyingi kidole kikicheza tu mwili wote unafunguka. Amka, kaa, kunywa maji, kaa dakika kadhaa ndio ulale tena, ukirudi usingizini hapo hapo inaweza kukukamata tena.

Na kuiongoza inawezekana, sikufichi. Ule mvumo ukianza, badala ya kuogopa jiambie "nimeijua hii", halafu jigeuze kwa mawazo kama mtu anayebingirika kutoka kwenye godoro, bila kutumia misuli. Ukishatoka usikimbilie mbali, baki chumbani, gusa ukuta, sugua viganja, picha inatulia. Ukitaka kurudi, kidole gumba kile kile. Ukitaka kuiita mwenyewe fanya siku ya ofu tu, lala kwanza masaa matano hivi, amka kaa nusu saa, ndio urudi kulala ukiwa umeshaweka nia, kwa sababu usingizi wa ndoto unarefuka kuelekea mwisho. Andika kila mara kwenye daftari, ulilala saa ngapi, ubavu gani, uliona nini, na jaribu lile la kabati, mwambie mama aweke kitu juu bila wewe kujua. Lakini usiigeuze kazi ya kila siku, mwili unaolinda ghala usiku kucha unahitaji usingizi kwanza. Na kama video hizo zinakutajia ketamini au kitu chochote cha kuvuta au kunusa ili utoke haraka, zifute. Ile ni dawa ya nusukaputi ya wodini.

Mama usibishane naye. Kusomewa kulikutuliza, na mtu aliyetulia analala vizuri, ndio maana ulipata zile wiki mbili. Endelea na dua zako kabla ya kulala, ila mweleze na habari ya shifti, tena ukiweza omba meneja akupangie mchana hata mwezi mmoja. Ikiwa bado inakuja mara nyingi, au unasinzia ghafla ukiwa lindoni, au ukicheka magoti yanalegea, hapo nenda kamwone daktari, kuna ugonjwa wa usingizi wenye dalili hizo.

SWALI: Anti, mimi ni msichana wa Mbezi, yangu inanitokea nikiwa macho, hata kwenye daladala. Nasikia harufu ya mpira unaungua, najiona kama niko pembeni najitazama, halafu watu wananiambia nilikuwa nimeduwaa natafunatafuna midomo. Ndio hii hii?

JIBU: Hapana mdogo wangu, yako ni tofauti na usiisubiri. Harufu isiyokuwepo, kuduwaa, kutafuna midomo bila kujua, vinafanana na kifafa cha aina isiyoangusha mtu, na kina dawa. Nenda hospitali wiki hii, kapimwe umeme wa ubongo, na nenda na mtu aliyewahi kukuona ukiwa hivyo, kama anaweza akurekodi kwa simu daktari aone mwenyewe. Kwa sasa usioge baharini peke yako, usikae karibu na jiko la mkaa peke yako, na kwenye daladala usining'inie mlangoni. Ukishapata majibu niandikie.