Muhula mmoja Ayalandi: krediti 30 zinatosha, shida ni Januari

SWALI: Shikamoo mshauri. Nasoma mwaka wa pili, shahada ya sosholojia, katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Nimepata nafasi ya kwenda Cork, Ayalandi, kusoma muhula mmoja kama mwanafunzi mgeni, Januari hadi Mei, kisha nirudi nimalizie hapa. Nimepangiwa masomo sita ya krediti 5 kila moja, jumla 30. Huku kwetu muhula ni krediti 60. Si nitarudi nimepungukiwa nusu? Na kibali kitaniruhusu kufanya kazi kidogo ya kujikimu?

JIBU: Marahaba. Hupungukiwi hata moja. Krediti za Ulaya, yaani ECTS, na krediti za TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, zote zinapima saa za mwanafunzi: mihadhara, semina, kujisomea maktaba, kuandika insha, kufanya mtihani. TCU inahesabu krediti moja kuwa saa 10, mwaka mzima krediti 120. Ayalandi krediti moja ya ECTS ni saa 20 hadi 25, mwaka mzima krediti 60. Hivyo 30 zako ni saa 600 hadi 750, na 60 za nyumbani ni saa 600. Zidisha kwa mbili, basi. (Msomaji wa Rwanda anaweza kutumia hesabu hiyohiyo. Wa Kenya na Uganda, ambako mahesabu huanzia saa za darasani, asizidishe kwa mbili. Apeleke idarani maelezo ya saa za kila somo.)

Lakini hesabu kukubali ni jambo moja, idara yako kukubali ni jingine. Mwanafunzi mgeni hasomei shahada ya chuo kinachompokea. Cork watakufundisha, watakutahini na watatoa transkripti, yaani hati ya alama zako. Somo lao linashika nafasi ya somo gani la hapa, hilo si lao kuamua. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi uwe na mkataba wa masomo unaoonyesha kila somo la kule, namba yake, na somo la hapa linalofidiwa, ukiwa na sahihi ya mkuu wa idara. Neno la mdomo la mhadhiri anayekupenda halitoshi, maana mwaka ujao huenda yuko likizo ya masomo. Ukigundua kuna somo la lazima lisilo na mwenzake kule, afadhali ulijue leo kuliko kuja kulikeri, yaani kulibeba kama deni, mwaka wa tatu. Na kule wiki za mwanzo masomo hubadilika: ratiba zinagongana, darasa linajaa. Kila ukibadilisha, andikia idara na usubiri jibu la maandishi.

Alama zitakuchanganya kwa sababu zinafanana. Kufaulu huanzia 40, daraja la juu kabisa huanzia 70, kama A ya huku. Ila kwenye masomo ya insha wahadhiri wa kule ni nadra kuvuka 75, na 68 ni alama ya kujivunia. Uliza mapema kama alama za Cork zitaingia kwenye GPA yako, yaani wastani wa alama zako, au utaandikiwa umefaulu tu. Mimi, idara ikinipa hiari, ningechagua hilo la pili.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Vyuo vyetu vingi hufungua Oktoba au Novemba, na mitihani ya muhula wa kwanza huja Februari au karibu na hapo. Ukiondoka Januari unaacha muhula wa kwanza bila UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, na ukirudi mwisho wa Mei muhula wa pili umekwenda mbali. Utakuwa umesoma muhula mmoja Cork na kupoteza miwili Dar. Muhula wao wa Septemba hadi Desemba ndio unaotufaa: unaanza kabla yetu, unaisha kabla ya Krismasi, unachukua nafasi ya muhula wako wa kwanza tu, na wa pili unauanza hapa pamoja na wenzako. Uliangalie pia suala la sapu. Mitihani ya marudio katika vyuo vingi vya Ayalandi hufanyika Agosti, wakati mgeni ameshafungasha zamani na kibali chake kimeisha.

Kazi: hapana. Wanafunzi wanaosomea shahada kamili kule hupata muhuri wa uhamiaji namba 2, unaoruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mgeni wa muhula hupewa 2A, na 2A hairuhusu kazi ya malipo, hata kuosha vyombo mgahawani. Atakayekwambia wenzake walifanya tu, usimsikilize. Ukikamatwa, kinachoharibika ni jina lako kwenye kila viza utakayoomba baadaye.

Kwa hiyo fedha zionekane kabla ya safari. Kwa kozi isiyofika miezi minane, Ayalandi hutaka uonyeshe euro 833 kwa kila mwezi wa kukaa kule, mbali na ada. Miezi minne ni euro 3,332. Kama unakwenda kwa mkataba wa kubadilishana wanafunzi, ada kwa kawaida husamehewa, nawe ambatanisha barua inayosema hivyo. Taarifa ya benki iwe ya miezi sita, na hela iliyotua jana kutoka kwa mjomba iwe na maelezo. Kuhusu bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, nenda dawati la mikopo chuoni kabla hujaaga mtu.

Usidanganyike kwamba Septemba hadi Desemba ni safari fupi. Mwanzo wa Septemba hadi tarehe 20 Desemba ni zaidi ya siku 90, kwa hiyo unaomba viza ya muda mrefu, ile ya D, na ukifika unajiandikisha uhamiaji kwa euro 300. Maombi unaweza kuyaanza miezi mitatu kabla ya safari. Anza siku ileile dirisha linapofunguka. Bima ya afya ni lazima. Viza hiyo haikuingizi Ufaransa, kwa kuwa Ayalandi haimo Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, wala haikuingizi Uingereza. Treni ya Dublin kwenda Belfast haisimamishwi mpakani, lakini Belfast ni Uingereza, na pasipoti ya Tanzania inahitaji viza yao.

Waandikie Cork wiki hii uombe kuhamishiwa Septemba. Katika barua hiyohiyo uliza kama kati ya masomo yako sita kuna linalofundishwa mwaka mzima, na kama lipo, mgeni anayeondoka Desemba anatahiniwaje na anapata krediti ngapi. Jibu lao lichapishe, ulipeleke idarani pamoja na ule mkataba.